Kadi Nyeupe Kati ya Mbuzi na Mungu

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka mapema, nikavaa viatu vya kazini, nikafika mpaka getini ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikarudi ndani, nikavua viatu, nikavivaa tena. Mume wangu akaniambia nikae nipumzike. Nimepumzika mpaka mgongo unauma. Basi nimeshika kalamu niwaandikie ninyi vijana mliobaki ofisini, kwa kuwa kazi mnayoifanya ni ile ile tuliyoifanya sisi, ila viti vyenu vina magurudumu.

Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Kigwa, wa wakulima Wakatoliki, na treni nilikuwa naiona ikipita kila siku kabla sijaipanda hata mara moja. Niliajiriwa miaka michache baada ya uhuru. Wakati huo kila mtu alikuwa anahimizwa kufanya kazi kwa Kiswahili, lakini mashine, mbegu, dawa, vyote vilikuwa bado vinakuja na Kiingereza mgongoni. Ofisi yetu ndogo ya Tabora ilipewa kazi ya kutunga vijitabu vya maana za maneno, kwa ajili ya watu wa vijijini waliopaswa kuvitumia vitu hivyo: makarani wa ushirika, wakunga, wahudumu wa mifugo. Watu wa mjini walituita ofisi ya maneno, na hawakusema hivyo kwa kutusifu.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Athumani amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, anabishana na ukuta. Alikuwa mtu wa Gongoni, mtaa wa pale pale mjini. Babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe za ndovu, akaona panamfaa, akaoa na kubaki. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya ukalimani mahakamani kwa muda mrefu, na sasa alikuwa ndiye mwenye neno la mwisho pale ofisini kwetu. Hakuwa na kiti, maana alikuwa amekitoa nje. Alifasiri akitembea.

“Shikamoo mzee,” nikasema.

“Marahaba. Wewe ndiye binti wa Kigwa? Niambie, Agata, kule kwenu mtu anayekopa jembe na mtu anayeazima jembe ni mmoja au wawili?”

Sikuwa hata nimetua kikapu changu. Nikamjibu kwamba jembe kwetu huazimwa, na kwamba anayesema amekopa jembe huenda hana nia ya kulirudisha. Akacheka, akaandika kitu kwenye kadi, akaendelea kutembea. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Vifaa vyetu msivicheke. Kadi tulizikata kutoka kwenye fomu za serikali ya mkoloni, upande mmoja wazi. Kila herufi ilikuwa na kasha lake la viatu. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, na panya waliipenda kuliko sisi. Mwaka mmoja walikula sehemu kubwa ya herufi B, tukaianza upya.

Mnaofanya kazi hii mnajua jambo ambalo watu wa nje hawalijui, kwamba alfabeti haina adabu. Inawaweka watu pamoja bila kuuliza wanahusiana nini. Kwa Kiingereza, ‘marriage’, yaani ndoa, inakaa jirani na ‘marrow’, uboho wa mfupani, na mbele kidogo unakuta ‘marsh’, kinamasi. ‘Wife’, mke, ukiteleza kidogo unaangukia ‘wild’, wa porini kama mnyama, na mume wangu amelitumia hilo vibaya tangu siku niliyomweleza. Mtu anayefasiri maneno siku nzima kwa mpangilio huo kichwa kinamzunguka. Unatoka kwenye msiba unaingia jikoni, unatoka jikoni unaingia vitani, na bado hata saa ya chai haijafika.

Mzee Athumani alikuwa amejitungia dawa yake. Tulipokuwa bado tunapanga kadi makashani, kabla ya kuanza kufasiri kutoka A, alisimama ghafla kwenye G, kadi mbili mkononi. Moja ilikuwa ‘goat’, mbuzi. Inayofuata, bila neno jingine katikati, ilikuwa ‘God’, Mungu. Yeye alikuwa Mwislamu wa swala tano na mimi nilikuwa na rozari mfukoni, na sote wawili tuliona haiwezekani.

“Hawa hawagusani,” akasema.

Akachukua kadi nyeupe isiyo na kitu, akaiweka katikati. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Kila palipokuwa na neno la kuheshimiwa au la kuogopwa, tuliliwekea kadi nyeupe kulitenga na jirani yake, na kwenye kuchapa tukaruka mstari mmoja. Niliipenda desturi ile. Ilinifanya nijisikie kwamba tunayaangalia maneno kama watu.

Desturi ya pili tuliiita kusomeana. Kiingereza kilichapwa na mimi kwa mashine yangu, na Kiswahili kilichapwa na Bi Zuhura, mpiga chapa mwenzangu, kwa mashine yake, kwa sababu Bi Zuhura hakujua Kiingereza na Mzee Athumani alishikilia kwamba mtu achape lugha anayoielewa. Tulipata safu mbili za karatasi nyembamba. Mzee Athumani alizibandika ubavu kwa ubavu, Kiingereza kushoto, maana kulia, kila herufi kwa karatasi yake, na ndivyo zilivyokwenda kupigwa chapa. Lakini kabla ya kwenda, watu wawili walisimama wakasomeana. Mmoja alisoma neno, wa pili akajibu maana, na penye mstari mweupe wote wakavuta pumzi moja, mpaka mwisho. Lilikuwa jambo la kuchosha, na wageni waliopita dirishani walidhani tunasali.

Sasa niwaeleze habari ya Kabula.

Wakati vijiji vya ujamaa vinaanzishwa, wahudumu wa mifugo kutoka vijijini waliletwa Tabora kwa mafunzo mafupi, na sisi tukatakiwa kuwafundisha kusoma maandishi ya kwenye makopo ya dawa. Wanaume walijaa chumba. Kabula alikuwa mwanamke pekee, mkwe wa watu huko ng'ambo ya Igunga, msichana mrefu asiyetulia kitini. Nilimpenda palepale, kwa kuwa nami sijawahi kutulia kitini. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na kijiji kilikuwa kimemkabidhi ufunguo wa sanduku la dawa. Aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi. Baba mkwe wake, Mzee Masanja, hakuupenda ufunguo ule hata kidogo. Alisema mwanamke akishika dawa ya ng'ombe, kesho atataka kushika fimbo.

“Dada Agata, mmefika herufi gani?” Kabula aliniuliza kila asubuhi.

“C.”

“Mbona mnakwenda kama kinyonga? Makopo yangu yana D.”

Ng'ombe wa kaya nyingi walikuwa wamekusanywa pahali pamoja, na kupe walikuwa wamekusanyika nao. Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limejengwa na kujazwa maji, likisubiri dawa. Nikamwahidi kwamba kijitabu kikitoka, cha kwanza kitakwenda kwake.

Kilitoka, na kwa haraka kuliko ilivyofaa. Palikuwa na wageni waliokuwa wanakuja kuona kazi yetu, na mkuu wetu alitaka vijitabu viwe vimeshafika vijijini kabla ya hotuba. Karatasi nazo zilikuwa adimu, akamwambia kila mtu abane nafasi. Bi Zuhura akatii. Lori la ushirika lilikuwa linapiga honi nje, linakwenda Igunga, nalo lingepitishia karatasi zetu mtamboni, lisubiri zichapwe, kisha lipeleke vijitabu. Mzee Athumani akabandika herufi D upesi upesi, gundi bado mbichi, na mkuu akamwambia kusomeana mtasomeana herufi ijayo. Lori likaondoka.

Siku ya pili yake nilikuwa nakunywa chai huku nasoma nakala moja tuliyoletewa kutoka mtamboni. Nikafika ‘death’, kifo. Maana iliandikwa ‘mauti’, kisha chini yake, mahali palipopaswa kuwa peupe, palisomeka ‘punguza makali kwa maji’. Nikacheka mpaka chai ikanitoka puani.

“Mzee, njoo uone! Kifo sasa kinapunguzwa makali kwa maji.”

Mzee Athumani hakucheka. Alikuja, akaweka kidole chini ya mstari, akakishusha polepole. Baada ya kifo tulikuwa tumeweka mstari mweupe, kama ilivyokuwa desturi. Safu yangu ilikuwa nao. Safu ya Bi Zuhura, kwa kubana karatasi, haikuwa nao. Kila maana kutoka hapo ilikuwa imepanda ngazi moja, na kila neno lilikuwa limevaa nguo ya jirani yake, mpaka mwisho wa D.

Kidole kikasimama kwenye ‘dip’. Hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, sumu ya kupe. Pembeni yake palisomeka maana ya neno linalofuata, ‘drench’: ‘dawa ya kumnywesha mnyama kwa mdomo’.

“Kabula,” nikasema.

“Chukua ushungi wako,” akasema Mzee Athumani. “Twende.”

Hatukuaga mtu. Tulipata lori lililobeba magunia matupu ya pamba, tukapanda juu ya magunia. Ilikuwa masika. Barabara ya Nzega ilikuwa na mashimo ya kuficha mbuzi, na kila lori liliposimama, Mzee Athumani aliruka chini akaanza kutembea mbele yake kwa miguu, kama vile angefika kabla yetu. Dereva akamwita, akapanda, akaruka tena. Nami nilikuwa roho juu. Nilimwona Kabula kichwani mwangu, ufunguo shingoni, anafungua kopo, anasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa ile furaha ya mtu ambaye hatimaye amefikiwa na D yake. Nilitamani awe mvivu. Nilitamani awe amelala, au amegombana na mtu, au amepoteza kijitabu. Lakini nilimjua.

Tulifika kesho yake alasiri. Mita chache kabla ya uwanja wa kijiji nilinusa nyama ikiungua, lakini kando ya moto hakuna aliyekuwa anakula. Walikuwa wanachoma ng'ombe mzima, pamoja na ngozi yake. Watu walikuwa wamekaa chini kwenye mkutano. Kabula alisimama katikati, peke yake, na mkono ameufumba kwenye ufunguo.

Mwenyekiti wa kijiji alitueleza kwa kifupi. Kabula alikuwa amesoma makopo mawili yaliyoletwa, akaona kwamba dawa ya josho haijafika bado, na kwamba hii ya kwanza ni ya kunywesha. Mzee Masanja akasimama mbele ya watu akamwambia, kama unajua, anza na wangu. Ng'ombe wake wa jembe akanyweshwa kwa chupa. Alianguka kabla wa pili hajashikwa.

“Ni mmoja tu?” Mzee Athumani akauliza.

“Mmoja tu,” akajibu Mzee Masanja, “lakini ni wangu.” Alikuwa mzee mkavu, mwenye sauti ya chini. “Huyu arudishe ufunguo, arudi jikoni. Nilisema tangu mwanzo.”

Wengi waliitikia. Sitasema uongo, walikuwa na haki ya kuogopa. Ng'ombe ndio walikuwa mali yao yote, na walikuwa wameshawaleta pamoja kwa maneno ya watu wa ofisini kama sisi.

Mzee Athumani akaingia katikati. Nilikuwa nimemsikia akifasiri mbele ya mahakimu bila kutetemeka, lakini siku ile ilimbidi aanze mara mbili. Akaeleza habari ya safu mbili, mstari mweupe, gundi. Akaonyesha kwa viganja vyake, akavilaza ubavu kwa ubavu, kisha akakipandisha kimoja kidogo, vidole vikakosana.

“Maneno hayakumnywesha ng'ombe wangu,” Mzee Masanja akasema. “Ni mkono uliomnywesha.”

“Mkono ni wangu,” Kabula akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu tufike.

“Mkono uliamini karatasi,” akasema Mzee Athumani. “Na karatasi ni yangu, mzee mwenzangu. Niliibandika mimi, na sikuisoma. Huyu binti alifanya sawasawa vile nilivyomwandikia. Kama ufunguo lazima utoke kwa mtu, mimi ndiye niliyepaswa kuwa nao shingoni.”

Nikaona tunavyoweza kupunguza hasara. Nikamsogelea Kabula, nikamwambia kwa upole anipe kile kijitabu, tutakichoma, tutamletea kingine kizuri.

Akakikumbatia. “Sitoi.”

“Kina sumu, Kabula.”

“Kikienda mimi nabaki na nini, dada? Nitabaki na makopo yasiyosema na ng'ombe aliyekufa. Mtaleta kingine lini? Mlikuwa C mwaka mzima.” Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. “Kitengenezeni hapa hapa. Leo. Mbele yao.”

Mzee Athumani alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya katika miaka yote ya ofisi ya maneno. Alikaa. Alikaa chini, kwenye udongo wa uwanja, akatoa kalamu, akampa Kabula ishara akae mbele yake.

Wakasomeana. Kabula alisoma Kiingereza, kwanza kwenye kopo, halafu kwenye kijitabu, na Mzee Athumani akajibu maana kwa sauti ya kufika nyuma ya mkutano, kisha akakata kwa kalamu yale yaliyokosewa na kuandika pembeni. ‘Dilute’. Punguza makali kwa maji. ‘Dip’. Dawa ya kuogeshea. ‘Drench’. Dawa ya kunywesha. ‘Dress’. Funga kidonda. Walipomaliza, Kabula akasema hajaridhika, wakarudia tangu mwanzo, na safari hii watoto wakaanza kuitikia maana, halafu wanawake, halafu hata wale wanaume waliokuwa wameitikia kwamba ufunguo urudi. Walikuwa wanaimba dawa.

Mzee Masanja peke yake hakuitikia. Alisubiri mpaka wakamaliza, akainuka, akaja akasimama kando ya kopo lililomuua ng'ombe wake.

“Hili linaitwaje?”

“Dip, baba,” Kabula akasema.

“Dipu.” Alilisema kama mtu anayeonja chakula asichokiamini. “Maana yake?”

“Kuogesha.”

Akageuka akautazama moshi wa ng'ombe wake. Nilikuwa nimeushika mkono wa Mzee Athumani bila kujua.

“Nimeshalipia somo hili,” Mzee Masanja akasema. “Sitaki kulilipia tena kwa mtu mpya. Waogeshe.”

Nilipanda lori kurudi nikiwa nalia na kucheka pamoja. Mzee Athumani hakuruka chini hata mara moja mpaka Nzega. Vijiji vingine tulivifikia kwa simu ya polisi na kwa miguu, na kwa bahati hakuna aliyekuwa na haraka kama Kabula. Ofisini, mkuu alitaka kuifuta desturi ya mstari mweupe. Mzee Athumani alikataa. Alisema adabu haikuua ng'ombe, kilichomuua ni kutosoma. Mbuzi na Mungu wakaendelea kutengwa, na hakuna karatasi iliyotoka tena pale bila kusomeana, wageni waje wasije. Alipokwenda kwa Mungu wake, miaka kadhaa baadaye, tulikuwa tumefika S. Tulizika tukarudi kazini siku ya tatu, na sikulia. Nilikuwa na hasira tu, kwamba ameniacha na herufi ngumu.

Nilimaliza Z bila yeye. Halafu, kama mjuavyo, tulianza tena A, kwa kuwa makopo yalikuwa yameshabadilika.

Mwezi uliopita, viatu vikiwa vinanichoma, nilipanda basi kwenda kumwona mwanangu Mwanza. Basi likasimama Nzega watu wanunue mchele. Dirishani nikasikia mtu anaita, “Dada Agata! Mmefika herufi gani?”

Alikuwa Kabula, amefuata dawa mjini; amenenepa, mvi zimemtoka chini ya kitambaa, na kijana wa kiume amembebea sanduku la dawa nyuma yake. Ufunguo ulikuwa shingoni. Uzi tu ndio uliobadilika. Aliniambia Mzee Masanja alifariki akiwa na ng'ombe wengi, na kwamba mpaka mwisho alimwita mkwewe Dipu.

Nikashuka. Akafungua sanduku, akatoa kijitabu. Kilikuwa kimeshonwa upya mara nyingi, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa, na kwenye D, pembeni, mwandiko wa Mzee Athumani ulikuwa bado mweusi, ule mwandiko wake wa kusimama wima. Nikausoma. Hapo ndipo nilipomlilia, katikati ya magunia ya mchele, mwanamke mzima na nauli yangu mkononi.

Kabula aliningoja. Kisha akakishika kijitabu katikati yetu, akaweka kidole, akasoma, “‘Death’.”

“Mauti,” nikasema.

Konda akaanza kupigapiga bodi la basi. Kabula hakugeuka. Aliuacha mstari mweupe upite, pumzi moja, kama tulivyomfundisha.

“Mama, tunakuacha!” konda akaita.

“Mwambie dereva angoje,” nikamjibu. “Bado tuko D.”